Bei ya Nyumba Isiyojengwa

Mume wa fundi cherehani walimwita Baadaye, na jina alilitafuta mwenyewe. Tangu harusi alimwahidi mkewe nyumba kwenye shamba lao la juu, yenye baraza pana na madirisha ya kutazama mto. Ukimuuliza lini, anajikuna shingo: "Baadaye kidogo." Matofali alichoma kweli, hilo tusimnyime. Lundo likakaa hapo mpaka maboga yakalitambalia, na kuku wa jirani akaligeuza chumba cha kutagia.

Mvivu hakuwa. Alfajiri yuko zizini, anakamua huku akiwasimulia ng'ombe habari za redio. Cherehani ya mkewe aliitia mafuta bila kuombwa. Kilichomshinda ni nyumba tu.

Ndipo halmashauri ikaja na jambo lake. Mji ulikuwa unapanda mlima kama upele, na watu wa halmashauri walitaka mashamba ya juu ya mto yabaki mashamba. Basi watanunua haki ya kujenga. Shamba linabaki lako, utalima, utachunga, utarithisha, ila ukuta hautasimama pale, si wako wala wa mjukuu wako. Bei ya kitu kama hicho nani aijue? Ukaitishwa mnada, tena wa kinyumenyume: bei inaanza juu, inashuka. Kila shamba kibao kimoja. Ukiikubali bei, kibao juu; ukikishusha umetoka, hurudi. Wakibaki watu ambao fedha za halmashauri zinawatosha, kengele inalia, wote wanalipwa bei hiyohiyo.

Fundi alimwambia mumewe neno moja: "Usishushe. Paa linavuja mpaka nashona na ndoo mapajani."

"Nimesikia, mama watoto."

Ukumbini dalali akaanza. "Laki tisa kwa eka!" Vibao vyote juu, utadhani darasa la watoto wanaojua jibu. "Nane!" Vichache vikashuka. "Saba!" Vingine navyo. "Sita!" Mkono wa Baadaye ukaanza kulegea. Fundi akaudaka kiwikoni.

"Wewe mwanamume, unafanya nini?"

"Saba zingetosha kukujengea nyumba ileile huku chini," akanong'ona. "Sita hazitoshi. Bora nibaki na haki yangu, nikujengee kulekule juu."

"Lini?"

Akafungua kinywa.

"Usilitaje hilo neno!"

Muuza mkaa aliyekaa nyuma yao akachungulia. "Jamani, mkono huo uko mnadani au hospitali?"

"Funga mdomo, unatutia masizi," Fundi akamjibu bila kugeuka. Kisha akamsogelea mumewe sikioni, maana dalali alikuwa anavuta pumzi. "Baba watoto, nyumba ile siitaki."

"Nini?"

"Siitaki. Kule upepo unang'oa masikio, maji mbali, wateja wangu wote wako huku. Niliacha kuitaka kabla kitinda mimba wetu hajaota meno."

"Mbona kila mwaka unaniuliza?"

"Napenda unavyojikuna shingo."

"Tano na nusu!" dalali akaita. Fundi akauachia mkono. Ukabaki juu wenyewe, umenyooka, huku mwenyewe akitazama sakafu. Vibao vikashuka huku na huku. Kengele ikalia, na chao kilikuwa bado hewani.

Badala ya kwenda nyumbani Baadaye alipanda hadi shamba la juu, akakaa kwenye lundo la matofali. Fundi akakaa naye. Kuku akawalalamikia.

"Mimi nilikuwa naiona," akasema Baadaye. "Hata rangi ya mlango."

Fundi akamtoa majani begani. "Rangi gani?"

"Kijani."

"Basi sikia. Paa tutalibadili kwa fedha za halmashauri. Ukuta wa jikoni umeinama kama unaokota sindano, na matofali haya yanautosha. Mlango tutaupaka kijani."

Baadaye akanyanyua mkono kuelekea shingoni.

Mkewe akamkazia macho.

Mkono ukageuza njia, ukashika tofali. Akalipangusa, akachukua la pili, akaanza kuteremka nayo kwapani. "Unangoja nini?" akaita bila kugeuka. "Jua linazama!"

Fundi akachuma boga moja, akamfuata. Matofali abebe aliyeahidi.