Mshenga Aliyeomba Katuni

Leo nimetumwa kumposea mpwa wangu, nimerudi na kitabu cha katuni.

Msicheke kwanza.

Ugonjwa wangu mnaujua: katuni za zamani za mashujaa wanaoruka angani, beji za klabu za mashabiki wao, hata kadi ya uanachama iliyoliwa na mende mimi nanunua.

Basi tumefika Mapinga kwa kina binti, mimi na shemeji, baba yake kijana. Mshenga ni mimi. Kanzu imenyooka, maneno ya posa nimeyakariri wiki nzima.

Nainua macho kabatini. Toleo la saba! Jalada zima, na beji ya klabu juu yake!

Baba wa binti akasema, "Karibuni. Tuambieni haja yenu."

Wallahi mdomo ulinitangulia. "Mzee, tunaomba ile katuni."

Shemeji akanikanyaga mguu. Kachelewa.

Mzee akainuka, akaileta kwa mikono miwili.

"Klabu hiyo niliingia nikiwa kijana. Haya, mmeomba, mmepewa. Ila nyumba hii mgeni haombi mara mbili kwa siku. La binti mrudi Jumapili, na mje na msemaji mwingine."

Njia nzima shemeji alitembea mbele, mimi nyuma. Mpwa anapiga simu, sipokei. Nianzie wapi?

Nimefika nyumbani, nikafungua sanduku niiweke mahali pake.

Kumbe toleo la saba ninalo.

Sasa ninayo mawili, na mpwa wangu hana mchumba hata mmoja.

Anayemjua mshenga asiyependa kusoma aniandikie hapo chini. Jumapili si mbali.