Polisi wa Soksi

Wifi yangu ana ubishi wa kuzaliwa nao. Uwanja mzima unamwita Mama Jezi, kwa sababu huu ni mwaka wa kumi na nne anafua na kutunza nguo za klabu ya riadha ya watoto. Kaka yake, yaani mume wangu, anamwita polisi wa soksi. Soksi moja ikipotea, hamtapumua.

Kwa ajili ya hizo soksi alianzisha daftari. Hupewi ufunguo wa stoo bila kusaini: nani, saa ngapi umechukua, umeingia na nani, umetoa soksi ngapi, saa ngapi umerudisha. Uwe mtoto, uwe mwenyekiti, utasaini tu. Kocha alikuwa akimcheka. "Mama Jezi, unalinda soksi au hazina ya taifa?" Halafu anasaini kwa madoido, na mkia mrefu chini utadhani ni waziri. Mjinga yule.

Jumatatu moja, binti wa mita mia nane, ana miaka kumi na mitatu, alimfuata kwenye karai.

"Mama Jezi, leo nikusaidie kufua?"

"Na mazoezi?"

"Kocha akiniita stoo kunipima uzito, mwambie nina kazi yako."

Kisha akalia, akasema na mengine. Siyasemi hapa, ni yake. Wifi yangu aliziacha nguo kwenye karai. Alifuta povu mikononi, akamwambia, "Nakuamini, mwanangu. Hujakosea kitu. Lakini hili siwezi kulifanya siri, lazima tuwaambie watu wa kukulinda. Na sitakuacha peke yako."

Jumamosi timu ilikuwa inaondoka kwenda kambini wiki nzima, na aliyepanga vyumba ni kocha huyohuyo. Wifi akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, naye akamsikiliza huku anachezea simu.

"Haya tutayamaliza wenyewe, baada ya mashindano. Unajua yule ametuletea medali ngapi?"

"Sijui, medali hazifuliwi," wifi akamjibu. Akaandika mstari mmoja kwenye daftari, akamsogezea. "Saini kwamba nimekueleza."

Akasaini bila kusoma, ili mradi amwondoe. Pale klabuni, ukiwekewa lile daftari mbele, mkono unasaini wenyewe.

Jioni ile wifi hakungoja kibali cha mtu. Alimchukua mama wa binti, tukaenda wote kituo cha polisi, dawati la watoto. Wifi alilitoa daftari kwapani, akaliweka mezani. Askari wa kike alifungua daftari, akaanza kuhesabu. Mara ishirini na tatu, kocha na mtoto yuleyule, nusu saa, dakika arobaini. Kila mstari na mkia wake wa waziri.

"Nani aliandika haya?"

"Kocha mwenyewe," wifi akasema. Halafu akaangua kilio. "Mwaka mzima nimelishika hili daftari! Nilikuwa nasoma safu ya soksi tu!"

Sijawahi kumwona vile. Nilitaka kumtania, nikashindwa, nikalia naye.

Kocha alikamatwa Alhamisi. Ijumaa wazazi wakakutana, na mwenyekiti akasimama, mkono kifuani. "Wazazi wenzangu, laiti ningejua..."

"Ulijua Jumatatu," wifi akadakia kutoka nyuma, akainua nakala ya ule mstari. "Njoo uusome mwenyewe, kwa sauti." Hakuja. Alitoka kwa mlango wa pembeni, na wadhifa wake haukumsubiri.

Siku hizi stoo haina mlango. Wifi aliung'oa mwenyewe kwa bisibisi, mizani ikahamia uwanjani mbele ya watu. Nguo zimo kabatini, na kabati lina ufunguo wake na daftari jipya.

Binti alirudi baada ya miezi miwili. Alikuja kuchukua viatu vyake, akaomba kalamu, akaandika jina lake, saa, na kwenye safu ya "na nani" akaandika: peke yangu.

Wifi aliusoma ule mstari mara mbili. Sasa hivi anasoma safu zote.