Mtu Asiyekosa Tangazo

Niseme kabisa toka mwanzo: redio ile niliichukia. Siyo kwamba mimi ni mtu wa porini asiyependa redio, la hasha, hata mimi napenda kwaya za Jumapili. Nilichokichukia ni vile mume wangu Alute alivyoifanya kuwa ofisi, akaajiriwa nayo bila mshahara, na mimi nikawa tarishi.

Alute alikuwa karani wa ghala la chama cha ushirika hapa Ilongero miaka kumi na saba. Ukimuuliza gunia la alizeti la fulani limelala wapi, anakujibu hata bila kufungua kitabu. Halafu ikaja hii biashara huria. Wanunuzi binafsi wakaleta malori yao na mizani yao, wakanunua alizeti mlangoni kwa mkulima, ghala likabaki la popo, na Alute akaambiwa aende nyumbani akapumzike. Akapumzike! Mtu wa miaka arobaini na minane, nguvu zote anazo.

Basi ukarani wake akauhamishia kwenye redio. Ilikuwa redio ya bendi nne, inakula betri sita kubwa, zikichoka anazianika juani juu ya bati mpaka zipate uhai kidogo. Akachukua daftari kubwa lililobaki ghalani, akaligawa kama alivyokuwa akiligawa ghala. Masafa ya kati mwanzoni. Kisha masafa mafupi, kila bendi ya mita na ukurasa wake: ya kumi na tisa, ya ishirini na tano, ya thelathini na moja, ya arobaini na moja, ya arobaini na tisa. Kila stesheni ameiandikia namba yake, saa inayosikika vizuri, lugha, na hali yake. Hali zilikuwa tatu tu: safi, inayokoroma, na ya kubahatisha. Ukurasa wa mwisho uliandikwa FM na haukuwa na kitu. Alisikia kwamba Dar es Salaam kuna redio mpya za watu binafsi, akasema zikifika Singida zisimkute hana nafasi.

Kwenye kioo cha redio alitia alama kwa rangi ya kucha, aliyomnyang'anya binti yetu Catherine alipokuja Krismasi. Nukta nyekundu ni ya matangazo ya vifo na wagonjwa, nyeupe ni Kiswahili cha nje, na mkwaruzo wa msumari ni stesheni ambayo hajaijua jina. Stesheni za nje zilikuwa na tabia ya kuhama masafa mara mbili kwa mwaka, na zikihama, nyumba nzima hatulali usingizi wa raha. Anafuta, anaandika, anazungusha mshale polepole huku ameinamisha kichwa. Uji unapoa mezani.

"Baba Catherine, njoo unywe uji."

"Subiri, kuna mmoja hapa amejificha."

Nilikuwa namwambia ipo siku atajificha yeye ndani ya hiyo redio. Anacheka tu.

Lakini nisimnyime haki yake. Watu walimhitaji. Mtu wa hapa akifia Dodoma au Tabora, habari yake inafika kwa tangazo la redio kabla ya barua, na wa kulisikia alikuwa Alute. Hata hiyo miaka ya tisini redio zilipojaa madukani, kila kijana akawa na ya kwake begani, wao walisikiliza muziki. Matangazo walimwachia mume wangu. Naye alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja. Likisomwa jina la msiba wa hapa kwetu, redio inazimwa palepale. Muziki haulii nyumbani kwa mtu aliyeshika habari ya kifo. Anavaa koti, anakwenda mwenyewe kwa miguu, anapiga hodi, anakaa kwanza, ndipo anasema. Na mpaka marehemu azikwe, redio haiwashwi, kwake wala kwa jirani yeyote. Kijiji kizima kilimfuata kwa hilo.

Sasa nije kwa Kefa.

Kefa ni mdogo wake Alute, tumbo moja. Baba yao alipofariki, hata matanga hayajaanuliwa, Kefa akauza dume la ng'ombe la baba akaondoka kwenda Urambo kulima tumbaku. Alute alipojua, alisimama uani mbele ya watu akasema kwa Kinyaturu, lugha anayotumia akiwa na hasira ya kweli: "Mimi na wewe basi. Ukiugua sikuoni, ukifa sikuziki." Nilikuwepo. Nilimshika mkono, akanisukuma.

Katika ukoo wao maneno ya kaka mkubwa si ya mchezo. Yakishatoka, hayarudi kwa barua wala kwa salamu. Aliyetamka lazima asimame mbele ya aliyetamkiwa, achukue funda la maji mdomoni, ampulizie kifuani na kusema, "Nimeyarudisha." Na haendi mwenyewe tu kama mgeni wa kawaida. Anaitwa na yule mdogo, na mwito usikike na watu, kwa kuwa maneno nayo yalisikika na watu. Mimi nimetoka ukoo mwingine, niliuona ni ugumu wa shingo tu, lakini nani atanisikiliza?

Miaka kumi na miwili ikapita. Mwezi wa pili mwaka tisini na sita ikaja barua, imeletwa kwa mkono na mtu wa tumbaku. Nilimsomea mimi, maana macho yake yalianza kupata ukungu na miwani hakuwa nayo. Kefa alisema kifua kimemkamata, miguu inavimba, amekonda. Akaandika: "Kaka, nisije nikafa na maneno yako mwilini. Ila usije sasa, bado nasimama, watu wasiseme nimelia mapema. Nikizidiwa nitakuita kwa redio nchi nzima isikie. Najua wewe hukosi tangazo."

Alute alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku waliyomfukuza ghalani. Akasema, "Mama Catherine, nitaenda. Akiita tu, nitaenda siku hiyohiyo."

"Nenda leo," nikamwambia.

"Hajaita."

"Mtu anaumwa, wewe unangoja kuitwa?"

"Nikienda bila kuitwa yatakuwa hayajarudi. Atakufa nayo vilevile."

Ningefanyaje, nimbebe mgongoni?

Kuanzia hapo daftari likawa jambo moja tu. Stesheni zote za nje, hata zile za mkwaruzo wa msumari alizozihangaikia miaka, akaacha kuzigusa ili betri zisiishe. Akabakiza nukta nyekundu. Redio ya taifa ilishikika masafa ya kati na mafupi, basi akaandika ukurasa mpya kabisa: saa hii, wingu likiwa zito, tumia bendi hii, ikikoroma, hamia hii. Waya wa antena akaurefusha mpaka kwenye mti wa uani. Nauli akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka ndani ya mfuko wa koti. Miezi mitatu hakukosa jioni hata moja. Nilianza hata mimi kukaa naye, nachambua mboga huku nasikiliza majina ya wafu wa watu.

Jumanne moja ya mwezi wa tano, jua bado halijazama, tukasikia: "Bibi Sara wa Ilongero, Singida, anaarifiwa kifo cha mumewe, Simeoni, kilichotokea hospitalini Dodoma." Sara ni jirani yetu, uzio kwa uzio. Alute akasimama. Akatafuta koti. Mtangazaji alikuwa bado anaendelea, nikasikia anavuta pumzi aanze tangazo lingine, na mimi nikanyoosha mkono nikaizima. Hakuniambia nizime. Hakuna aliyeniambia. Ndivyo nyumba yetu ilivyofanya siku zote, na Sara wa watu alikuwa upande wa pili wa uzio anapepeta mtama hajui lolote.

Tukaenda kulia naye. Mwili ukafika Alhamisi, tukazika. Siku zote hizo Ilongero haikulia redio hata moja. Baada ya mazishi Alute akarudi kwenye nukta yake nyekundu, jioni kwa jioni. Akawa ananiambia, "Kefa ana nguvu huyo. Angezidiwa angeita." Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi.

Wiki iliyofuata, Jumamosi, betri zikawa zimekufa kabisa, juani hazifufuki. Tukaenda wote mjini Singida, yeye akiendesha baiskeli, mimi nyuma na kuku wawili wa kuuza. Duka lake la betri lilikuwa la Amri, kijana wa Kiislamu mwenye adabu zake, baba yake alikuwa na duka hilohilo.

"Shikamoo mzee Alute. Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipe betri sita, na zisiwe zile za juzi."

Amri akazipanga mezani huku ameweka uso wa huruma. "Poleni sana na safari. Mgonjwa mmemwachaje?"

"Mgonjwa yupi?" Alute akauliza.

"Si ndugu yako wa Urambo, mzee. Walipotangaza nilikuwa hapahapa dukani. Alute wa Ilongero afike Urambo haraka, mdogo wake Kefa anamwita. Nikasema, lo, mzee wangu leo anasafiri."

Mume wangu aliweka mikono juu ya meza ya duka. "Lini?"

"Jumanne ile, siyo hii ya juzi. Lilisomwa nyuma ya lile la marehemu Simeoni, mara tu baada yake. Kesho yake wakarudia tena."

Siku kumi na moja.

"Amri," Alute akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "ulisikia ukanyamaza?"

Kijana wa watu akababaika. "Mzee, mimi nani nikuletee wewe habari ya redio? Si ungenicheka? Hata Gasto wa mashine ya kusaga alisikia, tukasema mzee saa hizi yuko njiani Nzega."

Kila aliyekuwa na redio huko mjini alisikia. Baadaye tulihesabu watu tisa, wengine wa Ikungi kabisa, na hakuna hata mmoja aliyeona haja ya kumwambia Alute jambo lililosomwa redioni. Nilitaka kuwatukana wote. Lakini niliyezima nilikuwa mimi.

Hatukurudi hata nyumbani. Kuku tuliwaacha kwa Amri na baiskeli pia. Jumapili alfajiri tukapanda basi la kupitia Nzega, tukashuka Tabora tumejaa vumbi mpaka kwenye meno, tukalala stesheni, Jumatatu treni haikuja, Jumanne ikaja. Njiani Alute alinishika kiganja akasema, "Siyo wewe. Hata mimi ningezima." Nilitamani angenipiga.

Nyumba ya Kefa tulielekezwa na watoto. Aliyetoka mlangoni ni binti yake Esta, namjua kwa ule uso wa kwao. Kichwani amenyoa. Nikajua.

"Shikamoo baba mkubwa. Shikamoo mama mkubwa."

Alute hakuitika. Akauliza, "Lini?"

"Alikufa Jumatano iliyopita. Tulizika Alhamisi."

Akatupisha tukae. Alitueleza bila kulia, kama mtu aliyekwisha kulia zamani. Alisema siku ya kwanza baada ya tangazo baba yake alifurahi sana, akamwambia, kaka yuko njiani, fagieni uwanja. Siku ya pili akaomba kikombe cha maji kiwekwe karibu na kichwa chake, ili kaka akifika asihangaike kutafuta maji. Kila asubuhi Esta aliyabadilisha. Kila gari likisimama barabarani, mgonjwa anainuka kwa kiwiko na kuuliza, nani huyo? Alifanya hivyo siku saba.

"Na ya nane?" Alute akauliza.

Esta akaangalia chini. "Baba mkubwa, ya nini kuyajua?"

"Niambie."

"Niliingia na maji mapya. Akaniambia, 'Mwaga, mwanangu. Kumbe kaka alimaanisha.' Akageukia ukutani. Hakuongea tena mpaka jioni alipokata roho."

Mume wangu alikaa na koti lake mwilini. Mimi ndipo nilipopiga kelele. Nikasema, "Esta, si kweli! Hakumaanisha! Ni mimi niliyezima redio, mimi kwa mkono wangu huu, tulikuwa na msiba wa jirani, yeye hakusikia, angekuja, nauli alikuwa nayo mfukoni!"

Esta alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Hilo ndilo lililonimaliza.

"Nimeelewa, mama mkubwa," akasema. "Lakini sasa tutamwambia nani?"

Kisha akaomba ruhusa, akaenda kutupikia ugali.