Harufu ya Sabuni ya Vyombo

Majirani walimwita Bi Kunusa, na yeye hakukasirika, maana ni kweli tupu. Miaka thelathini na saba ya udobi ilikuwa imeifundisha pua yake mambo ambayo watu wengine hawayajui hata kwa kusomea. Ukimpelekea shati, ananusa kola kwanza, halafu anakutazama wewe. Wanaume kadhaa wa mtaa ule walihamishia nguo zao kwa dobi mwingine, na wake zao wakazidi kumpenda.

Basi Jumanne moja mjukuu wake alirudi kutoka shule ya wadogo. Miaka miwili na nusu, kichwa kikubwa, maneno ya kuhesabu.

"Njoo, mke mwenzangu," Bi Kunusa akamnyanyua, akamnusa shingo, akamnusa mikono ya gauni. Akasita. Ilikuwa imelowa hadi kwenye viwiko, na hiyo haikuwa harufu ya sabuni ya kunawia. Ilikuwa sabuni ya vyombo.

"Umefanya nini shuleni leo?"

"Osha vikombe."

"Vikombe vya nani?"

"Vyote," akasema mtoto, kwa fahari kabisa.

Vyote! Jamani, hapo moyo wa bibi ulifanya pah.

Jioni binti yake, mama wa mtoto, aliporudi kutoka duka la dawa anakouza, hakuachwa hata avue viatu.

"Mama, wale wanacheza. Wanajifunza kwa kucheza, mwalimu alituambia kwenye kikao."

"Mchezo gani una sabuni ya vyombo?"

"Mama nawe! Aliyeumwa na nyoka..."

"Akiona ung'ongo hushtuka, najua. Na siku nyingine si ung'ongo, ni nyoka kweli."

Binti alijua nyoka mwenyewe ni nani. Bi Kunusa alipokuwa na miaka minane, mke wa mjomba wake alikuja kumchukua. Anakwenda kusoma, walisema, atacheza na wenzake. Mkoba wa shule aliuona, ndiyo, mgongoni mwa watoto wa nyumba ile. Yeye alipewa ndoo aipindue asimame juu yake, ndipo afikie sinki. Vyombo vya watu kumi na mmoja, asubuhi na jioni, na kikombe kikivunjika analala na njaa. Aliapa siku aliyotoka pale: hakuna mtoto wa damu yake atakayeosha vyombo vya watu kabla hajang'oa meno ya utoto.

Jumatano mtoto akarudi amevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. "Ona! Hata wa kumvalisha hakuna!" Alhamisi ndiyo ilimmaliza. Mtoto alimwaga uji, akashuka kitini, akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza bila kutumwa. Bi Kunusa alikwenda kulia nyuma ya kamba ya nguo. Wamekwisha kumzoesha, alijiambia, mtoto wa watu kageuzwa mtumishi.

Ijumaa saa nne asubuhi akatokea shuleni bila kubisha hodi, na mfuko mtupu wa kubebea vitu vya mtoto. Leo anaondoka naye, liwalo na liwe.

"Shikamoo, bibi," akasema mwalimu, msichana mwembamba.

"Marahaba. Mjukuu wangu yuko wapi?"

Alikuwa pembeni, mbele ya meza fupi iliyomfika kiunoni, mikono ndani ya beseni, povu hadi kwenye kidevu.

"Nilijua!" Bi Kunusa akapaza sauti. "Mwalimu, huyu ni mwanafunzi au ni mfanyakazi wenu wa jikoni?"

"Anacheza, bibi. Vikombe vyenyewe ni visafi."

Bi Kunusa akachukua kimoja, akakinusa. Hakikuwa kimenywewa chai wala maziwa. Shaka yake ikaongezeka badala ya kupungua.

"Kisafi kinaoshwa cha nini?"

"Kwa kuwa anapenda. Anajifunza kumimina, kukamua sponji. Kesho keshokutwa atajimiminia maji mwenyewe."

"Maneno matamu hayo. Mimi pia niliambiwa matamu."

Mwalimu hakubishana. Akamsogezea kiti. "Kaa, bibi. Tazama mpaka uridhike."

Kiti chenyewe cha kitoto, magoti yakamjia kidevuni. Akanyoosha mkono amkunjie mtoto mikono ya gauni. "Mwenyewe!" mtoto akamsukuma. Akamimina maji, yakamwagika sakafuni, na Bi Kunusa akainua mabega kungoja kofi lilie. Mwalimu akamnyooshea mtoto kitambaa, basi. Mtoto akafuta, akayatandaza maji mpaka mlangoni, akarudi kwenye beseni kwa madaha.

Kikombe cha tatu kilipoisha, mtoto akageuka. Wenzake walikuwa wanapanga maboksi. Akatupa sponji ndani ya beseni, akaondoka zake, vikombe vinne vikiwa bado vinaelea.

Bi Kunusa akamkazia macho mwalimu. Sasa. Sasa atamwita, na hapo rangi yake halisi itaonekana. Lakini mwalimu alikuwa ameinama kwa mtoto aliyenasa kichwa ndani ya fulana, akimwelekeza tundu lilipo. Mtoto mmoja kwenye maboksi akacheka, boksi likaanguka, na hakuna aliyeita mtu.

"Hamwiti arudi amalize?" bibi akauliza, sauti imeshuka.

"Amalize nini, bibi? Keshachoka navyo."

Uchungu ulimjia Bi Kunusa, na wivu pia, tusifichane, wivu wa mtu mzima kumwonea mtoto. Alipojitazama, mikono yake ilikuwa imeshaingia ndani ya beseni na kikombe cha kwanza alikuwa anakisugua.

"Viache tu, bibi," mwalimu akamwambia.

Akaviangalia vile vikombe. Akaitoa mikono majini, akaifuta kwenye sketi yake, akaviacha.