Betri Isiyotambulika ya Yeshimebet

Yeshimebet alikuwa mpiga video wa harusi pale Piasa, Addis Ababa, na laptopu yake ilikuwa nyembamba kama mkate wa injera. Dada yake aliye Ulaya ndiye aliyemletea, na mtaa mzima ulipita kuishika. Baadaye ikaanza kujikongoja. Akihariri picha ya bwana harusi akicheka, alikuwa na muda wa kuchemsha kahawa na kuinywa, na bwana harusi bado hajafumba mdomo. Mwisho betri nayo ikakata roho, video ya harusi ya binti wa Mama Askale ikiwa nusu.

Akaipeleka kwa fundi Habtamu.

"Niongezee memori, unibadilishie na betri. Jioni nakupitia."

Habtamu akaipindua. Skrubu zake zilikuwa na vichwa vya nyota, na katika bisibisi zake zote hakuna iliyoingia. Akachonga moja kwa tupa, jasho likamtoka, kifuniko kikaachia. Akachungulia ndani, akatikisa kichwa.

"Vipi tena?"

"Dada Yeshi, memori imechomelewa kwenye bodi. Haiongezwi. Walioitengeneza wameshaipimia akili yake mpaka kaburini."

"Na betri?"

"Imegandishwa kwa gundi. Hiyo nitaing'oa."

Aliing'oa kweli, kwa hewa ya moto na waya wa gitaa, akaweka mpya. Laptopu ikawaka, ikaandika kwamba betri hii haitambuliki, ikazima.

"Haitambui nini?" Yeshimebet alifoka. "Mashine yangu, betri yangu! Inataka nipeleke posa?"

"Inataka wa ukoo wake."

"Basi itafutie ndugu yake!"

Simu ikalia. Alikuwa Mama Askale.

"Mwanangu, video iko wapi? Mashangazi wametoka Gondar kuja kuiona. Wanakula tu, hawaondoki."

"Iko kwa fundi, mama."

"Harusi iko kwa fundi? Kwani imeshavunjika?"

Habtamu alizunguka soko lote la Merkato mpaka akapata maiti ya laptopu ya aina ileile, iliyomwagikiwa chai. Betri yake ilikuwa hai. Wakaihamisha, na mashine ikaipokea bila swali. Ila ilikuwa betri ya kizee: ukichomoa waya tu, inalala. Na umeme wa Piasa wiki ile ulikuwa wa kubahatisha.

"Njoo umalizie kwangu," Mama Askale akaamua kwa simu. "Nina jenereta."

Hapo ndipo Yeshimebet alipojua kuna mabaya kuliko betri. Mashangazi walimzingira nyuma ya kiti.

"Hapo nitoe, nimefumba macho!"

"Huyo asikae mbele yangu, hata zawadi hakuleta."

"Rudia ninavyocheza. Rudia tena."

Mashine ilisota, mashangazi wakasubiri kwa kahawa, na kila iliposota walipata wazo jipya. Video ilipokamilika, maharusi walionekana kidogo, kama wageni waalikwa. Mama Askale aliitazama huku akilia kwa furaha.

Yeshimebet alitoka hapo moja kwa moja hadi kwa Habtamu.

"Nitafutie laptopu nene, nzito, yenye sura mbaya," alisema, "lakini inayofunguka."