Kusafiri Bila Shangazi

Mume wangu aliponirudisha Temeke kwa shangazi yangu, sababu aliyotoa ni kwamba chumba chake kinanuka. Hakusema uongo. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa na matende, umejaa kuanzia gotini hadi vidoleni, ngozi imekuwa ngumu yenye mikunjo, na katikati ya mikunjo hiyo yalitoka maji ya njano yaliyonuka kama muhogo uliovunda. Yakikauka, yaligandisha kanga kwenye ngozi. Kila asubuhi niliibandua taratibu huku nimegeuzia uso ukutani. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sikuwa na kitu cha kunitia kinyaa kama mguu wangu mwenyewe.

Enzi hizo za Mwingereza Temeke ilikuwa nusu mji, nusu shamba. Nyumba mbili tatu za udongo, kisha mihogo, kisha nyumba tena. Shangazi alikuwa mjane, na mie wazazi walikuwa wameshanifia. Alinipokea vizuri, lazima niseme hivyo. Alinipa chumba cha uani na hakuwahi kuninyima chakula. Nilijaribu kupika vitumbua vya kuuza barazani ili nisiwe mzigo. Siku ya tatu jirani mmoja akasema kwa sauti, ili nisikie, "Mikono inayoosha mguu ule ndiyo inayokoroga unga?" Vitumbua vikalala. Tukala wenyewe mpaka vikachacha. Nikaacha upishi, nikashika sindano, nikawa nashona kofia za mkono. Kofia mtu haitii mdomoni.

Ugomvi wangu na shangazi ulikuwa juu ya kutoka. Sikuruhusiwa kwenda peke yangu hata Keko hapo jirani. Alichoogopa ni homa. Matende yana homa yake: inakuja bila hodi, mitoki inavimba kinenani, mguu unakuwa wa moto, mwili unatetemeka mpaka meno yanagongana, na baada ya siku tatu au nne inaondoka ikiuacha mguu mkubwa kuliko jana. "Ikikukamata njiani nani atakuokota?" shangazi aliniuliza kila mara. Basi nikienda zahanati yupo, msibani yupo, harusini yupo.

Na ulimi wake upo pia. Tukikaa tu garini anaanza na mtu aliye karibu. "Huyu mtoto wa marehemu kaka yangu. Alikuwa mzuri huyu, we! Kakanyaga dawa aliyowekewa mlangoni kwa mumewe." Watu wanasogea. Kila mmoja ana lake: huyu anasema ni kunywa madafu mengi, yule anasema ni ukoo. Halafu shangazi anainama, anashika pindo la buibui langu na kulinyanyua. "Hebu tazameni wenyewe." Wanatazama. Wengine wanatema mate dirishani kwanza, ndipo wanasema pole.

Mara ya mwisho tulikuwa tunakwenda Chamazi, harusini, juu ya lori la watu wa harusi. Mbele yetu alikaa bwana mmoja mnene akitafuna muwa. Shangazi akanyanyua buibui. Yule bwana akatazama, taya likasimama, akautema ule muwa kwenye kiganja na kuuangusha chini. Ulibaki pale juu ya mbao, karibu na kiatu changu, makapi meupe yamelowa mate, na kila lori liliporuka shimo ulisogea kunifuata. Shangazi aliendelea kusimulia. Nilimchukia yule bwana, nikauchukia mguu, lakini zaidi nilikichukia kile kiganja cha shangazi kilichoshika nguo yangu kama nguo yake. Harusi yenyewe siikumbuki.

Pale zahanati kulikuwa na dresa mmoja, mfungaji wa vidonda, mtu wa kusini, mkimya. Ndiye mtu pekee aliyeshika mguu wangu bila kukunja uso. Nilimuuliza siku moja, shangazi akiwa amebaki nje kwenye benchi akizungumza, "Bwana dresa, mie naweza kusafiri mbali peke yangu?"

Aliendelea kufunga bendeji. "Mbali wapi?"

"Morogoro. Mdogo wangu kaolewa huko, kajifungua."

"Uoshe mguu kwa sabuni asubuhi na jioni, hata ukiwa safarini. Ukaushe kati ya vidole, kabisa kabisa. Ukikaa, uunyanyue, usiuning'inize. Homa ikija, lala, kunywa maji mengi, meza vidonge nitakavyokupa." Akanitazama. "Miguu yako yote miwili inatembea, sivyo?"

"Inatembea."

"Basi."

Nilimwambia shangazi jioni ile akichambua mchele.

"Tutakwenda mwezi ujao," alisema. "Nimalize kwanza haya mambo yangu."

"Nakwenda peke yangu, shangazi."

Ungo ukasimama. "Nani atakushika ukipanda gari la moshi?"

"Nitashika chuma cha mlango."

"Na ukianguka?"

"Nitainuka."

Aliulaza ungo chini, akaanza kulia, na kulia kwake kulikuwa kwa sauti, majirani wasikie. Alisema nataka kumwaibisha, watu watasema amemtupa mtoto wa kaka yake. Alisema nitarudishwa kwenye machela. Mie niliendelea kushona. Siku tatu hakunisemesha, isipokuwa "marahaba" nilipomwamkia.

Fundi viatu alikuwa amenishonea ndara za mpira wa gurudumu la gari, ya kulia ndogo, ya kushoto kama sinia. Nilizivaa. Nikatia ndani ya kikapu sabuni, vitambaa vilivyofuliwa, kopo la maji, vidonge na kanga mbili za mtoto. Nilitoka Temeke alfajiri, nikafika stesheni jua linachomoza. Kupanda behewa kulinichukua muda. Ngazi ilikuwa juu, na watu waliokuwa nyuma yangu walisonya. Nilishika chuma, nikatanguliza mguu mzima, nikauvuta mwingine kwa mikono yote miwili. Nikaingia. Mie mwenyewe. Niliona fahari, haikudumu hata dakika tano.

Behewa la daraja la tatu lilikuwa chafu kuliko nilivyofikiri. Sakafuni mate mekundu ya tambuu, maganda ya machungwa, na kitu karibu na mlango wa choo ambacho sikutaka kukitambua. Nilikaa dirishani. Nikaunyanyua mguu juu ya kikapu kama nilivyoambiwa, na ulipotokeza tu chini ya buibui, mama aliyekaa upande wangu akamvuta mwanawe akahama. Kisha wawili walionielekea. Watu walijazana huko mwisho wa behewa, wengine wamesimama, na mie nimebaki na benchi zima kama bibi harusi. Bwana mmoja mwenye koti alishika pua waziwazi, na sijui alishika kwa harufu gani, maana asubuhi ile nilikuwa nimeosha mguu mara mbili na ulikuwa unanuka sabuni.

Kituo kimoja mbele akapanda kijana. Nadhani alikuwa wa mashamba ya mkonge, maana mikono yake ilikuwa imechanwachanwa na kaptura yake imeganda utomvu. Akaangaza behewa, akaona nafasi, akaja kukaa ubavuni pangu.

"Habari za safari, dada."

"Nzuri."

Ndipo nikanusa. Alikuwa na donda kwenye muundi, kubwa kama kiganja, kalifunika kwa jani la mgomba lililokauka. Jani lilikuwa limesogea. Niliona nyama, niliona usaha wa kijani, niliona nzi watatu wamelitulia wala hawaruki gari linapotikisika. Yeye alikuwa amezoea. Alinyoosha mguu wake karibu na wangu, akacheka kidogo, akasema, "Hapa tumepata benchi letu sie."

Sie. Nilitaka kumwambia mie si kama wewe, mie nimeosha, mie mguu wangu leo haunuki. Nilichukua kikapu changu, nikasimama, nikaenda kusimama kwenye kona ya mlango, mgongo kwake.

Nilisimama hivyo kituo baada ya kituo. Mguu ukaanza kujaa. Niliusikia unajaa, ngozi inavutika, ndara inabana. Wale watu waliojazana walinitazama mie, wakamtazama yeye, na yule bwana wa koti akatikisa kichwa kwangu kama mtu anayekubaliana nami. Kukubaliwa na mtu yule kulinichafua roho kuliko kushika pua kwake. Lakini sikurudi kukaa. Natamani ningeandika hapa kwamba nilirudi. Sikurudi.

Kijana aliteremka Ngerengere. Alipopita mlangoni alisimama akautazama mguu wangu uliovimba.

"Kaa sasa, dada," alisema. "Mie nateremka. Usisimame hivyo, utaumia."

Hakusema kwa kejeli, ningemsikia. Nikashindwa hata kumwambia ahsante. Nilikwenda nikakaa, benchi lilikuwa na alama ya maji pale mguu wake ulipokuwa, nikaifuta kwa kitambaa changu, na kitambaa nikakitupa dirishani haraka haraka kama mwizi. Halafu nikajiegemeza nikaona kinyaa, na safari hii si kwa donda lake, ni kwa nafsi yangu.

Morogoro mdogo wangu alinipokea stesheni kwa furaha. Alikuwa amenenepa, mikono ina hina. Nyumbani kwao alikuwapo mama mkwe wake, mwanamke msafi kupita kiasi, na nilipomwamkia "Shikamoo mama" aliitikia akiutazama mguu. Alinitandikia mkeka wangu peke yangu karibu na jiko. Akanipa sahani ya bati na kikombe cha bati, na niliviona vimewekwa pembeni, haviingii na vyombo vya wengine. Nilipoomba kumpakata mtoto, mama mkwe alisema, "Amelala." Mtoto alikuwa macho, ananyonya kidole.

Mdogo wangu alinitazama, akamtazama mkwewe, kisha akainama akamfunika mtoto vizuri. "Atakapoamka, dada," alisema.

Nilimwelewa. Nilikuwa nimetoka kusimama mlangoni nusu ya safari kwa kumkimbia mtu mwingine, ningemlaumu vipi? Hata hivyo nilimlaumu. Niliona kinyaa kutazama vidole vyake vya hina vikibana ile kanga niliyomletea mimi.

Siku ya pili mchana homa ikaja. Ilianza kinenani, kama kawaida, kisha baridi, na jua la Morogoro liko juu. Hii ndiyo siku ambayo shangazi alikuwa ameiimba miaka mitano. Nililala kwenye mkeka wangu karibu na jiko. Nilimeza vidonge. Nilikunywa maji kwenye kikombe cha bati, nikaomba mengine, nikanywa. Mdogo wangu alinijazia kikombe akisimama mbali kidogo, akinyoosha mkono. Mama mkwe aliuliza kama ugonjwa huu unarukia watoto. Nikajibu, meno yakigongana, "Haurukii, mama. Ungekuwa unaruka ungekuwa umeshanihama."

Nilitetemeka siku mbili. Hakuna aliyenishika, na sikufa. Mguu ulipotulia niliuosha kwa maji ya uvuguvugu nyuma ya choo, nikakausha kidole kimoja kimoja, nikaufunga. Ilikuwa kazi ya kuchukiza kama siku zote. Lakini niliifanya yote bila mtu kunisimulia kwa wengine, na hilo lilikuwa jipya kwangu, nikalionja polepole kama mtu anayepewa chai baada ya ugonjwa.

Niliondoka siku ya sita, badala ya siku kumi na nne nilizokusudia kukaa. Mdogo wangu alilia stesheni, machozi ya kweli. Hakunikumbatia.

Kurudi, gari la moshi lilisimama kirefu kwenye kituo kimoja injini ichukue maji. Palikuwa na bomba jukwaani. Jua lilikuwa linaelekea kushuka na mguu ulikuwa unawasha ndani ya bendeji. Nilijadiliana na nafsi yangu muda mfupi tu, kisha nikateremka na kikapu. Nilikaa kwenye ukingo wa saruji mbele ya watu wote, wauza ndizi, abiria, askari wa stesheni, nikafungua bendeji, nikausabuni mguu kuanzia gotini. Minong'ono ilianza. Mwanamke aliyekuwa anasubiri kujaza mtungi alisonya, akasema, "Hapa watu wanakunywa maji!"

"Bomba nimelifunga, mama," nilimwambia. "Nanawia kopo langu."

Akatema mate mchangani, si mbali nami. Niliyatazama. Zamani ningefunga mguu mbichi nikakimbilia ndani. Nilichukua kitambaa kikavu nikaanza na kidole gumba. Filimbi ilipolia nilikuwa nimefika kidole cha nne, na nilikausha cha tano kabla ya kusimama.

Temeke nilimkuta shangazi barazani na majirani wawili. Nilimwamkia. Aliitikia, akanitazama kutoka juu hadi chini, akatafuta kasoro, na nadhani kwa kitambo kidogo alisikitika kutoiona. "Homa haikukupata?" aliuliza.

"Ilinipata."

"Nani alikuuguza?"

"Mie."

Majirani wakatazamana. Shangazi akasema chakula kipo jikoni.

Mwezi uliofuata nilikwenda Kinondoni kupeleka kofia, nikabadili basi mjini. Kisha Bagamoyo. Mwaka uliofuata Tanga, safari ya siku nzima na zaidi. Sitadanganya kwamba niliuzoea mguu, au watu waliuzoea. Kila behewa lilikuwa na mtu wa kushika pua, na zipo asubuhi ambazo bado niligeuzia uso ukutani kabla ya kukibandua kitambaa. Nilikwenda hivyo hivyo. Nilijifunza kufika mapema kabla ya wengine, nikae benchi la mwisho dirishani, nguo ya kubadili iwe juu ndani ya kikapu na sabuni chini yake. Na akija mtu kukaa karibu, awe na kidonda, awe na kikohozi, awe ananuka samaki, nilikuwa nasogeza kikapu changu nimpe nafasi. Mara nyingine nilisogeza huku nimeziba pumzi. Lakini nilisogeza.