Utani wa Msibani Umemtoa Baba Kwenye Mashine

Mhariri, jina langu naomba ulifiche. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mitano, Mzigua. Baba yangu alitoka Handeni ujanani kufuata kazi za mkonge huku Korogwe, na amezeeka akiwa fundi wa mashine ya kusaga mkonge. Mume wangu ni Msambaa wa Dindira, msomi. Yeye na Mzungu mmoja wanachunguza jinsi watu wanavyoishi na mitambo. Nilimpenda kwa maswali yake, na leo maswali hayohayo yananiliza.

Baada ya mavuno mashine ilimkata mkono baba yangu mdogo, akafariki. Msibani watani wetu Wanyamwezi wakaja na vituko vyao kama ilivyo ada. Mmoja alijilaza kaburini akidai apewe jogoo ndipo atoke, kisha akamnyooshea baba kidole. "Fundi huyu ndiye anayeilisha mashine watu. Leo kakosa wa kuipa, kaipa mdogo wake." Tukacheka huku tunalia, na baba naye akacheka.

Mume wangu alikuwepo. Alipokwenda kuwahutubia Wazungu kwenye mkutano wa uchunguzi wao, aliyasema maneno yale kama jambo wanaloliamini wafanyakazi. Kwamba ni utani, hakusema. Meneja wa shamba letu la mkonge alikuwamo, akaona fundi anayeogopwa atamletea fujo, akamtoa baba kwenye mashine. Sasa mzee wangu anakata mkonge shambani na vijana, na mgongo hauwezi.

Nilimsihi mume wangu akaeleze ukweli. Akanijibu kwamba hotuba ile ndiyo inayompeleka Uingereza kusoma, akiikana safari imekufa. Nikaenda kwa meneja mwenyewe, karani akanirudisha mlangoni. Yule mtani naye alikwenda kujieleza, huko ofisini wakasema masikini, fundi amemtisha.

Baba hanilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nikimpelekea bada, ugali wetu wa muhogo, anasema ameshiba. Jana alinikalisha karibu yake, akasema polepole, "Mwanangu, mumeo ndiye msomi wa mambo haya ya watu na mashine. Hebu niulizie kwake, kweli nilimuua mdogo wangu?"

Nikimwendea yule Mzungu wa mume wangu nikamweleza kwamba ulikuwa utani, safari itakufa na ndoa yangu imekwisha. Nikinyamaza, baba ataliamini jambo hili mpaka afe nalo. Ninyi mnaonisoma, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nishaurini, mwenzenu nimeshindwa.